Sketi Iliyofungwa Utepe wa Bluu

Katika duka la ushonaji la Bi Futi, nguo zilijisemea zenyewe. Iliyofungwa utepe mwekundu ilitakiwa haraka, mwenyewe alikuwa na safari au harusi. Yenye utepe mweupe ilikuwa imerudishwa, ama inabana, ama inapwaya. Na yenye utepe wa bluu ilikuwa tayari. Hiyo iliondolewa ilipotundikwa, ikapigwa pasi, ikakunjwa, ikafungwa kwenye karatasi na kutoka nje bila mtu kuuliza swali. Bi Futi aliuweka utaratibu huo mwenyewe, kwa sababu cherehani zikianza kuvuma kwa pamoja watu hawasikilizani, na kwa sababu hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Jina la Bi Futi alilipata kutokana na ile futi ya fundi iliyoning'inia shingoni mwake kutwa nzima, hata akienda benki. Usoni walimwita Mama. Lile jingine lilibaki nyuma ya mgongo wake, na yeye alilijua fika.

Tepe ziliwafaa wote, lakini hakuna aliyezipenda kama Kifungo. Huyu ndiye aliyemalizia kazi za wenzake: upindo, kulabu, vifungo. Jina lake nusu lilitokana na kazi hiyo na nusu lilitokana na mdomo wake usiofunguka. Shule ya msingi aliiacha katikati, mwaka ule mama yao alipougua, na tangu hapo alijizoesha kukaa nyuma ya watu. Mteja akiingia aliinama zaidi, kana kwamba sindano imemdondoka. Mpiga Pasi, mzee mcheshi aliyekuwa na meza yake kule nyuma karibu na dirisha, alizoea kusema kwamba binti huyu akishaitikia "naam" inabidi apewe likizo, maana amechoka.

Dada yake alikuwa kinyume chake. Dada alikuwa muuguzi, mwepesi wa maneno, mtu wa kuingia wodini na wagonjwa wakajisikia wamepata nafuu kabla hawajaguswa. Alishaahidiwa kazi kwenye hospitali moja ng'ambo, nchi ya watu wanaosema Kijerumani, na kilichobaki kilikuwa mtihani wa kuzungumza tu. Mara ya kwanza aliufanya akaanguka. Walimwonyesha picha ya meza iliyoandaliwa chakula wakamwambia aieleze. Mwanamke ambaye mkono wake hautetemeki anapotafuta mshipa wa mtoto mchanga alisimama mbele ya picha ya uma, asijue kama uma ni wa kiume au wa kike, na ulimi ukamganda. Aliruhusiwa kurudia mara moja. Akianguka tena, nafasi ile anapewa mwingine.

Pa kusomea hapakuwepo. Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili, watoto wa kaka yao wanaokimbizana kutoka hiki kwenda kile, na redio ya bibi ambayo haikuzimwa kwa sababu bibi alidai ndiyo inayomwambia saa. Ndipo Kifungo, kwa kujikaza sana, akamwomba Bi Futi wapewe meza ya kukatia nguo wakati wa mapumziko ya mchana, cherehani zikiwa kimya. Bi Futi alifikiri, akizungusha ncha ya futi kwenye kidole.

"Meza ni ya kukatia," alisema. "Saa nane niikute tupu. Na siku kazi yangu itakapoharibika kwa ajili ya hicho Kijerumani, mtatafuta meza nyingine."

Meza nyingine haikuwepo, na wote watatu walilijua hilo.

Mwalimu alijileta mwenyewe. Alikuwa mama mfupi, mstaafu, aliyetumia maisha yake kufasiri maneno ya wakubwa kwenye mikutano, akiwa amefungiwa kwenye kibanda cha kioo na vidude vya kusikilizia masikioni. Alikuja kupunguza mikono ya koti. Akiwa mbele ya kioo, pini zimemzunguka vifundoni mwa mikono, alimsikia Dada akikariri upande wa pili na kukiweka kisu upande wa wanaume. Mwalimu akamsahihisha bila kugeuka, kwa sababu alikatazwa kutikisika. Kesho yake alirudi ingawa koti halikuwa tayari. Keshokutwa alikuja na kikombe chake cha chai. Kuanzia hapo ikawa mazoea, na hakutaka kitu chochote ila kikombe hicho kijazwe.

Kifungo alikaa mwisho wa meza na kitambaa chake mapajani, akijifanya anashona. Alichosikia kilimfanya mara nyingi asahau kuvuta uzi.

Kumbe kuna watu ambao kwao kijiko ni mwanamume, uma ni mwanamke, na kisu si huyu wala yule, kimewekwa katika fungu la tatu peke yake. Vitatu hivyo hulala kwenye droo moja, huoshwa kwenye beseni moja, na kila kimoja kina kwao. Kumbe kile kikofia cha chuma anachovaa fundi kidoleni ili sindano isimchome, Wajerumani wanakiita kofia ya kidole, na glovu ni viatu vya mikono. Kumbe wakitaka kusema ishirini na moja wanaanza na moja, kisha ndiyo ishirini, kama mtu anayeingia nyumbani kwa kurudi nyuma. Mwalimu alisimulia haya taratibu, bila kuyacheka, jinsi mtu anavyowasimulia wageni habari za jamaa zake anaowapenda na tabia zao.

"Na Wafaransa," alisema siku moja, "wakifika themanini hawana neno lake. Wanasema ishirini nne, yaani ishirini mara nne. Tisini na saba ni ishirini nne, kumi na saba."

Mpiga Pasi alikuwa anakula mkate wake dirishani. Akauliza kama huko nako kuna mafundi nguo. Akaambiwa wapo, tena hodari sana. Basi akawahurumia. Fundi akimpima mteja kiunoni, akasema, mpaka amalize kukitaja hicho kipimo, mteja keshanenepa.

Hata Bi Futi, aliyekuwa akijifanya anahesabu mikasi, alikohoa kuficha kicheko.

Kilichomtesa Dada kilikuwa yale mafungu matatu. Alitaka sababu. Alisema angeelewa kama vitu vikali vingekuwa vya kiume na vitu laini vya kike, lakini sindano ni ya kike, uzi ni wa kiume, na msichana, msichana mzima mwenye nywele zake na hereni zake, amewekwa fungu moja na kisu. Alilaza kichwa mezani.

"Hapo kuna sababu," Mwalimu alisema. "Nyinyi mkisema mtoto, mnasemaje? Mtoto analia. Na mkisema kitoto?"

"Kitoto kinalia," Dada alijibu, kichwa bado kiko chini.

"Kimekuwaje kinalia? Mtoto ni yule yule. Mmemfanya mdogo, na palepale akahamia kwenye fungu la viti na visu. Nao wamefanya vilevile. Neno lao la msichana lina kimkia nyuma kinachomaanisha kidogo, na chochote chenye kimkia hicho huhamia fungu la tatu. Hawakumdharau. Wamembembeleza."

Kifungo aliacha sindano ikining'inia. Katika maisha yake yote amesema kitoto, kijumba, kijibwa, na hakuwahi kuona kwamba ulimi wake unabeba utaratibu mkubwa namna hiyo bila yeye kuuamrisha. Alijisikia kama mtu aliyeambiwa kuwa ukuta wa chumba chake una mlango.

Ndipo akasema, kwa sauti ya chini hata Mwalimu akalazimika kuinama: "Tuvifunge tepe."

Walimtazama. Akaona haya, lakini alishaanza, akamalizia. Dada hawezi kukumbuka kwa sababu anasikia tu, haoni. Vitu vya kiume vifungwe bluu, vya kike vyekundu, vile vya tatu vyeupe. Atumie na macho yake, masikio yasiachiwe kazi yote.

Mwalimu alisema katika watu wote aliowahi kufanya nao kazi hakuwahi kusikia jambo la maana kama hilo likisemwa kwa maneno machache hivyo. Bi Futi alipoona tepe zake zimevishwa vijiko, alinyanyua nyusi. Kifungo akaahidi kuzifungua zote kabla ya saa nane, na kila siku akafanya hivyo. Mchana duka lilivaa rangi: mkasi mwekundu, kiti cheupe kimekosewa kikafunguliwa kikafungwa cha bluu, pasi nyeupe, mlango wa bluu… hapana, mlango naye alikosewa, ni wa kike. Dada akawa anapita kati ya vitu kama mwalimu wa darasa anayewajua wanafunzi wake kwa sare. Ikifika saa nane kasoro, Kifungo alizunguka akizivua tepe moja moja, akazirudisha kwenye sanduku lake, na duka likarudi kusema lugha yake ya siku zote.

Sasa, mlangoni, nyuma ya kioo kikubwa, palikuwa na sanamu ya kuvalisha nguo, na siku moja ilikuwa imevaa sketi ya Mtangazaji.

Mtangazaji alikuwa sauti ya asubuhi ya redio, ile ile aliyoisikiliza bibi. Sketi yake ilikuwa ya hariri nyeusi, na ilikuwa haijashonwa. Ilikuwa imepigwa bandi tu, yaani mishono mirefu ya mkono ya kushikiza kwa muda, mpaka mwenyewe aje kuijaribu. Maduka mengine hupiga bandi kwa uzi mweupe ili ionekane. Bi Futi hakukubali. Uzi mweupe, alisema, huacha vinyweleo kwenye kitambaa cheusi, na vinyweleo hivyo havitoki milele. Kwake nyeusi ilipigwa bandi kwa nyeusi. Aliyekuwa hajui angeitazama sketi ile na kudhani imekwisha. Ndiyo maana walikuwa na tepe.

Mchana huo walikuwa wanajifunza nguo. Blauzi nyekundu, gauni jeupe, na Kifungo akaenda mwenyewe nyuma ya kioo, akaifunga sketi utepe wa bluu, kwa kuwa sketi kwa Wajerumani ni ya kiume. Na suruali, Mwalimu akaongeza, ni ya kike. Dada akacheka mpaka akakaa chini.

Muda ulikuwa umebaki. Mwalimu alipuliza chai yake, akasema leo atawapa kitu cha kuondoka nacho, kisicho cha mtihani. Kuna lugha moja, Kislovenia, ya nchi ndogo yenye milima. Wengi wetu tunahesabu kimoja, halafu vingi. Wao wanahesabu kimoja, halafu viwili, halafu vingi. Wawili wana umbo lao kwenye neno. Wakiwa wawili wanakwenda, kitenzi chao si kile cha wengi wanaokwenda. Na neno la sisi ni moja wakiwa umati, na ni jingine kabisa wakiwa wawili. Tena wakiwa wanawake wawili linabadilika kidogo: *midve*.

"Sisi wawili tu," Mwalimu alisema. "Mume na mke. Mtu na rafiki yake. Nyinyi hapo. Kuna lugha nyingi zilizokuwa nalo zamani zikaliacha njiani. Wao wamelibeba mpaka leo."

Kifungo alimtazama Dada, na Dada alikuwa akimtazama yeye. Alifikiri kuhusu watu hao wa milimani asiowajua, kwamba zamani sana waliketi wakaona wawili si wengi, na hawakuridhika kuona tu, wakalitengenezea hilo mahali pake ndani ya kila neno, ili mtu asilisahau hata akiwa na haraka. Alifikiri pia kwamba Dada akifaulu ataondoka. Mwalimu alikuwa amewaambia kwamba kule muuguzi huitwa dada, dada wa wagonjwa. Wodi nzima ya watu wageni watamwita Dada, na yeye atabaki hapa bila wa kumwita. Mambo yote mawili yalimkaa kifuani kwa pamoja, lile la kupendeza na lile la kuuma, na hakuona saa.

Alizinduliwa na Bi Futi mlangoni. Saa nane. Kifungo aliruka, akavua utepe wa mkasi, wa kiti, wa mlango, wa pasi, wa blauzi na wa gauni, akazibana kiganjani, akakimbilia kiti chake. Nyuma ya kioo hakufika.

Alasiri Mpiga Pasi alipita, akaona bluu, akaichukua sketi, akaipiga pasi kwa upendo wake wote, akaifunga kwenye karatasi. Dereva wa Mtangazaji akaja kuiulizia, akaichukua.

Simu ililia kesho yake kabla ya mapumziko. Bi Futi aliisikiliza hadi mwisho. Mtangazaji alikuwa kwenye ukumbi wa chuo, aendeshe sherehe ya wahitimu, na wakati anashuka kwenye gari sketi ilikuwa imefunguka kutoka nyonga hadi goti, taratibu, kama bahasha. Bi Futi alichukua sindano, uzi mweusi, na Kifungo, ambaye mkono wake ndio uliokuwa mwepesi kuliko yote. Wakapanda teksi.

Njiani Bi Futi alizungumza na kioo cha gari. Alisema Mpiga Pasi amezeeka. Macho hayaoni tena, anasahau kusoma tepe, na leo jioni ataiweka pasi chini akapumzike nyumbani kwake. Lakini Kifungo aliujua ule utepe. Aliuona mbele ya macho yake, fundo lake mwenyewe, mkia mmoja mrefu kuliko mwingine. Akisema, meza imekwenda, na mtihani uko mbele yao. Asiposema, hakuna atakayejua, na kunyamaza ndicho kitu alichokijua kuliko vyote. Kwa kweli hakuhitaji hata kuamua. Alihitaji tu kubaki alivyo.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa na chumba chembamba chenye kioo na viti vya plastiki vilivyopangwa juu ya vingine. Mtangazaji alikuwa amesimama katikati, mkono mmoja umebana nyonga. Hakuwa na hasira kama walivyotarajia. Alikuwa na ile sauti ya redio, tulivu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kifungo alipiga magoti akaanza kushona, mshono mdogo mdogo unaorudi nyuma kila mara ili usifyatuke. Nje ya ukuta watu walisikika wakivuta viti.

Bi Futi aliomba radhi. Kisha akasema kilichotokea, kwamba ana mzee mmoja wa pasi aliyepitisha nguo bila kuiangalia, na kwamba mzee huyo hatakuwepo tena kesho.

"Si yeye, Mama," Kifungo alisema.

Aliyasema akitazama mshono. Bi Futi alidhani ni mtu mwingine aliyeingia, akageuka mlangoni.

"Yeye alisoma utepe vizuri. Ulikuwa wa bluu. Nimeufunga mimi." Akavuta uzi. "Lakini haukuwa utepe wa kazi. Ulikuwa wa Kijerumani."

"Wa nini?" aliuliza Mtangazaji.

Basi ikabidi aeleze. Alianza vibaya, akarudi, akaanza tena kutokea kwenye kijiko na uma. Alieleza fungu la kiume na la kike na lile la tatu, na Dada aliyegandishwa na picha ya uma, na namna vitu vya duka vinavyovishwa rangi mchana. Sindano iliendelea kwenda. Aligundua kwamba kusema huku mikono inafanya kazi si kugumu sana. Maneno yalitoka kwa mwendo wa uzi.

"Kwa hiyo sketi yangu ni mwanamume," Mtangazaji alisema.

"Kwao ndiyo. Suruali ndiyo mwanamke."

Mtangazaji alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni kikashuka nyongani.

"Usicheke kwanza, tafadhali," Kifungo alisema. "Sijafika mwisho."

Hapo hata Bi Futi aligeuka ukutani. Mtangazaji alijikaza, akafuta macho kwa ncha ya kidole asiharibu wanja, akaomba aambiwe zaidi. Kifungo, akiwa amebakiza kiasi cha kiganja, akamwambia juu ya watu wa Kislovenia na neno lao la sisi wawili. Mtangazaji aliuliza amejifunza wapi haya yote.

"Mezani," alijibu, akakata uzi kwa meno.

Kwenye teksi ya kurudi Bi Futi alizungusha futi yake kidoleni. Kisha akasema, "Nilisema siku kazi yangu itakapoharibika."

"Ulisema, Mama."

"Nilisema." Na teksi ikasimama dukani.

Mapumziko yalikuwa yamekwisha. Dada na Mwalimu walikuwa wamesimama kando ya meza, mikoba mkononi, kama watu waliokwisha kusikia habari. Mpiga Pasi alikuwa na pasi hewani. Bi Futi alimpita, akamwambia aiteremshe pasi kabla haijamchosha mkono, nguo zinamngoja. Huo ndio ulikuwa msamaha wake, na mzee aliuelewa. Kisha akamwendea Mwalimu.

Alitaka kujua jambo moja. Hayo mafungu matatu, nani aliyagawa? Mwalimu akasema hajulikani. Watu wa zamani sana.

"Hakuna aliyetoa amri?"

"Hakuna."

"Na wote wanafuata."

"Wote. Hata mtoto wa miaka mitatu hakosei kijiko."

Bi Futi alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya saa za kazi. "Mimi nina watu sita na tepe tatu," alisema, "na nchi yangu yote ni hiki chumba, na bado sketi imetoka uchi. Hao watu wana kila kitu duniani, na wanajua." Alitikisa kichwa, si kwa masikitiko, bali kama fundi anayegeuza nguo ya fundi mwingine ndani nje na kukosa kasoro. "Huo ndio utaratibu."

Akasimama. Neno lake, alisema, halirudi nyuma: kazi imeharibika, na iliyoiharibu ni tepe. Kwa hiyo tepe haitafungwa tena kwa ajili ya Kijerumani. Meza haikuharibu chochote. Alifungua kabati, akatoa kopo kubwa la vifungo vilivyopoteza wenzao, miaka na miaka ya vifungo, akalimwaga mezani. Achague, akamwambia Dada, aina tatu, avipange juu ya vitu anavyotaka, na kwenye nguo asiguse. Na Kifungo atafagia vipande vya vitambaa duka zima mpaka siku ya mtihani, ili akumbuke kutazama nyuma ya kioo.

"Nilipiga pasi dume bichi," Mpiga Pasi alisema kule nyuma, "nikidhani limeiva." Dada ndiye aliyeanza kucheka, kwa sababu alikuwa karibu kulia.

Bi Futi alirudi kwenye mikasi yake. Baada ya kitambo aliuliza, bila kuinua uso, mkasi ni nini. Wa kike, Dada akajibu. "Nilijua," alisema Bi Futi.

Kifungo alifagia. Alifagia akisikiliza, na siku nyingine alifagia mahali pamoja mara nyingi. Mchana mmoja walijifunza jinsi kitenzi cha Kijerumani kinavyoweza kusubiri mpaka mwisho kabisa wa sentensi, na Mwalimu akamwonya Dada kwamba wodini atasikia habari ya mgonjwa, na dawa zake, na kitanda chake, na usiku wake wote, kabla hajajua kama amekunywa au amekataa. Kifungo aliona kwamba lugha hiyo inamfundisha mtu kumsikiliza mwenzake hadi mwisho. Alilisema. Alikuwa ameanza kusema vitu.

Siku ya mtihani Dada alivaa blauzi ambayo kila mtu dukani aliishona kidogo, na mfukoni aliweka vifungo vitatu. Walimwonyesha picha ya jiko. Alisimulia baadaye kwamba alivishika vifungo mara ya kwanza tu, kwenye birika, halafu akavisahau, kwa sababu vitu vyote vya jikoni vile vilikuwa vimesimama na sare zao.

Akafaulu. Ikaja siku ya kuondoka, na sanduku lake la safari likaletwa dukani asubuhi, maana kutoka hapo kwenda kituoni ndiko karibu. Lilisimama katikati ya sakafu, na watu wakalizunguka wakiogopa kuligusa. Mwalimu alikuwepo na kikombe chake. Mpiga Pasi alimwambia Dada akifika huko awafikishie mafundi wa Kifaransa salamu zake, na wasikate tamaa. Dada akasema anakokwenda si kwa Wafaransa. Mzee akasema salamu zinajua njia.

Kifungo alisimama kando ya dada yake. Alikuwa amejiandalia maneno, na yote yalimtoroka isipokuwa moja.

"*Midve*," alisema.

"*Midve*," Dada alijibu, akamshika mkono.

Bi Futi alikuwa amekwenda kwenye lile sanduku la tepe. Alirudi bila kuwatazama, akainama kwa shida, akafunga utepe wa bluu kwenye mkono wa sanduku la Dada, fundo zuri, mikia miwili sawasawa. Dukani bluu ilimaanisha kazi imekwisha, itoke. Sanduku la safari, kwa Wajerumani, ni la kiume. Kifungo aliutazama utepe ule mpaka ulipopita mlangoni, na hakuuliza ulikuwa umefungwa kwa hesabu ya nani.